Mashariki Husomwaje

Nilipopandishwa kutoka kwenye ufagio hadi kwenye kaunta, nilimpigia mama simu kabla hata sijavua aproni. Hapo ndipo nilipojitia mashakani, kwa sababu mama si mtu wa kukaa na habari. Kufikia Jumapili ilikuwa imeshatangazwa kanisani, na kijiji chetu kizima kule Nyandarua kikajua kwamba msichana wao aliye Dubai sasa anasoma Kijapani. Niliombewa. Mzee mmoja wa kanisa alituma ujumbe kuuliza kama naweza kumsaidia na gari lake, maana tangu alinunue linamwongelesha kila akiliwasha na hajui linataka nini.

Ukweli ni kwamba sikuwa nasoma Kijapani. Nilikuwa nimepewa miezi mitatu ya majaribio, basi.

Saluni yenyewe ilikuwa Bur Dubai, ghorofa ya kwanza, juu ya maduka ya vitambaa. Mwenyewe alikuwa mama wa Kijapani ambaye sote tulimwita madam, mdogo wa umbo, mwepesi, anayekata nywele kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Wateja wake wengi walikuwa Wajapani wenzake wanaoishi mjini. Miadi yao hakuiweka kwenye kompyuta, kwa kuwa kompyuta iliwahi kummezea wateja wa wiki nzima, na tangu siku hiyo akawa na daftari na penseli. Humo aliandika kwa kanji, zile herufi zao ambazo kila moja ni neno zima, na hakuweka alama yoyote ya kumsaidia mwingine kuzitamka. Msichana wa kaunta aliyekuwepo alikuwa Mjapani, akaolewa akaondoka. Madam akatafuta mwingine, akakosa, akanitazama mimi na ufagio wangu.

"Wewe huwa unaangalia vitu," alisema. "Unaweza kujifunza?"

Nikasema yes, kama ninavyosema yes kwa kila kitu ambacho sijakielewa.

"Miezi mitatu. Kama majina ya wateja wangu hayatoki vizuri mdomoni mwako, nitatafuta mtu anayejua kusoma, na wewe utarudi kufagia."

Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana nilimwamini. Nilikuwa nimefagia miaka miwili. Nywele za Kijapani ni nyembamba na zimenyooka kama sindano. Zinaingia kwenye soksi, zinaingia kwenye blauzi, na moja niliwahi kuikuta ndani ya chapati niliyopika mwenyewe ng'ambo ya maji, Naif, chumbani kwangu. Nilikuwa nimeuchukia ule ufagio kwa moyo wangu wote. Tena kanisa lilikwisha kuomba. Ningerudije kufagia?

Somo la kwanza lilichukua dakika nne, madam akisubiri rangi ya mteja ishike. Alichora kitu chenye vilele vitatu.

"Mlima," alisema. "Yama."

Nikaandika. Akachora mlima uleule, mara hii ukiwa nyuma ya herufi nyingine. "Hapa ni san."

"Si ni ileile?"

"Ni ileile."

"Sasa yama imeenda wapi?"

"Yama iko nyumbani. Hapa iko na wageni." Akaenda kuosha rangi.

Nilikasirika. Mimi hukasirikia vitu, hata vile visivyoweza kunijibu. Nimelelewa na Kiswahili, ambamo ba ni ba asubuhi na ni ba jioni, iwe peke yake au iwe harusini. Huu mlima wenye tabia mbili niliuona kama dharau. Kesho yake nikaletewa herufi ya siku, ambayo ni ya jua pia. Katika neno lao la Jumapili inatokea mara mbili, mwanzoni na mwishoni, na kila mara inatamkwa kivyake. Nilimuuliza madam ni nani aliyeruhusu jambo hilo. Alisema ni la zamani sana, hakuna wa kulaumiwa.

Nilikuwa nakaa na mwanamke wa Unguja, mkubwa wangu kwa miaka kumi, aliyekuwa akitandika vyumba hotelini na kurudi na miguu imevimba na ulimi mkali kuliko alivyoondoka nao. Jioni nilimlazimisha kunishikia vikaratasi vyangu vya herufi.

"Huyu ni mtu," nilimwambia, nikimwonyesha herufi yenye miguu miwili. "Akiwa peke yake, hito. Ukimtaja kwa nchi yake, jin. Ukimhesabu, nin."

"Haya, mhesabu."

"Mtu mmoja, hitori. Wawili, futari."

"Futari!" Akainuka kitandani. "Hapo ndo umesema neno. Na hiyo nin yako iko wapi?"

"Inaanza kwa mtu wa tatu."

"Kwa nini?"

"Sijui. Madam amesema hivyo."

"Shoga yangu, hao watu walikaa wakayatunga haya makusudi, wakisema atakuja mwanamke mmoja wa bara, tumzuwie hapo hapo asipande cheo."

"Ai, wacha kunicheka. Shika kikaratasi."

"N'nashika. Lakini kichwa changu usinitilie mtu wa tatu."

Kilichonifungua macho hakikutoka kwenye daftari. Nilikuwa nafua, simu ikaita, ni baba. Akasema, "Mama, umekula?" Nikamjibu nimekula. Nikabaki na shati la kazi mkononi, maji yakitiririka. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na baba mwenye heshima zake haliiti jina la mama yake ovyo. Kwa hiyo tangu nizaliwe baba ananiita mama. Nilipovunja kikombe nikiwa na miaka minne alisema, "Mama, umevunja kikombe." Ndugu wa nyanya yangu, mzee wa bakora, ananiita dada. Nyanya mwenyewe ananiita wajina. Shuleni nilikuwa na jina la ubatizo. Hapa Dubai mwenye duka la mboga ananiita sister, na yule wa Unguja ananiita shoga. Sura ni hii hii moja, na hakuna siku niliyochanganyikiwa nikauliza ni nani anayeitwa. Nilitazama tu ni nani aliyesimama karibu nami.

Kumbe mimi mwenyewe ni kanji.

Kuanzia hapo mambo yakaenda. Madam alinieleza kwamba zamani walizichukua herufi hizo China, na sauti za Kichina zikaja pamoja nazo. Lakini Wajapani tayari walikuwa na maneno yao ya mlima na mtu na siku, na hawakuyatupa. Wakaweka yote, kama bibi harusi anayehamia na sufuria zake kwenye nyumba yenye sufuria. Herufi ikiwa peke yake, mara nyingi huitwa kwa jina la nyumbani. Ikiambatana na wenzake, huitwa kwa lile lililotoka China. Nilikaa kwenye abra, mashua ya kuvukia maji, asubuhi nikivuka, vikaratasi mkononi, nikizisalimia herufi kama watu: wewe uko peke yako, wewe uko na wageni. Mzee mmoja aliyekuwa akivuka kila siku saa ileile alianza kukaa benchi la upande wa pili.

Madam alinionya jambo moja tu, akiwa na pini mdomoni. "Majina ya watu hayafuati sheria. Hata sisi hatujui mpaka mwenyewe aseme. Majina, uliza."

Nilimsikia. Wasichana wa umri wangu niliwauliza, na hata vijana. Wazee sikuwauliza, na sikuona kama nimekosea, kwa sababu nilikotoka mtu hamwulizi mzee jina lake. Unauliza ametoka upande gani, ni mama wa nani, ameolewa ukoo gani, na ukishapata hayo unatulia. Jina la nyanya mzaa mama nililiona mara ya kwanza kwenye kitambulisho chake nikimjazia fomu ya hospitali, nikakifunika haraka kama niliyemkuta anaoga. Sasa leo nimsimamie mama wa miaka sabini, mgeni wa saluni, nimwambie, "Wewe, unaitwa nani?" Mama yangu angesikia akiwa Nyandarua. Basi kwa wazee nilifuata sheria ya peke yako na ya wageni, na nilipopatia nilijipongeza.

Nilijipongeza zaidi kwa bibi mmoja aliyekuja kila Alhamisi ya pili, na mwavuli wake wa jua. Alikuwa mfupi, nyuma ya shingo nywele zake nyeupe zimekatwa sawasawa kabisa. Madam alimwita mwalimu, kwa sababu aliwafundisha watoto wa madam kusoma walipokuwa wadogo, kwa hiyo kwa madam sikuwahi kusikia jina lake. Kwenye daftari alikuwa herufi moja tu, ile ya mashariki. Majina ya watu si yangu kuyaanika, nami humu nitamwita Bibi wa Mashariki.

Herufi hiyo niliijua vizuri, na niliringa nayo. Ina matamshi matatu. Lile la Kichina linasikika mwanzoni mwa jina la mji wao mkuu. Lile la nyumbani ndilo la kumwelekezea mtu njia. Na kuna la tatu, la kizamani, ambalo leo unakutana nalo hasa kwenye majina. La tatu nililiona kwenye kamusi nikalipita kama kiti kibovu. Herufi iko peke yake? Iko peke yake. Basi ni la nyumbani. Nikasimama wima siku ile ya kwanza, nikaita kwa sauti, nikatia na neno lao la heshima nyuma yake.

Yule bibi aliinua macho. Akasita kidogo. Kisha akatabasamu, akasimama, akainama, akaenda kwenye kiti. Nikaandika tiki kubwa moyoni. Nilimwita hivyo miezi mitatu, na kila mara alisimama.

Wiki ya mwisho ya majaribio, Alhamisi, daftari lilikuwa na Mashariki wawili. Mmoja saa nne, mwingine saa tano na nusu. Sikushtuka, kwetu pia watu wanafanana majina. Ilipofika saa nne nilikuta kwenye viti vya kungojea bibi yangu na mwavuli wake, na mwanamke kijana mgeni aliyevaa viatu vyeupe, ambaye kumbe alikuwa amewahi kwa saa moja na nusu. Nikaita jina.

Wakasimama wote wawili.

Bibi alimtazama yule kijana. Yule kijana akamtazama bibi, akaanza kurudi nyuma kwa adabu. Bibi akamwahi. Akamwinamia kidogo, akampungia mkono wa kumkaribisha mbele, akaketi tena. Nami, Mungu anisamehe, nilifikiri wa saa nne ni yule kijana, na bibi amesimama kunyoosha sketi tu. Nikampeleka wa viatu vyeupe ndani, nyuma ya pazia, kwenye draya na makelele yake. Madam alifikiri mwalimu amechelewa, akapokea aliyeletewa.

Nilijibu simu mbili, nikapokea sabuni za kuoshea nywele zilizoletwa kutoka Al Quoz, nikagombana na dereva aliyetaka nisaini kwamba nimepokea maboksi sita wakati nimehesabu matano. Nilipoinua kichwa kiti cha bibi kilikuwa kitupu. Saa tano na nusu nikaita Mashariki wa pili, na hakuna aliyejibu.

Madam akatoka akijifuta mikono. "Mwalimu yuko wapi?"

"Ameenda."

"Ameendaje? Kesho anarudi Japani, kwa bintiye, harudi tena. Ameishi hapa miaka thelathini. Leo nilimwekea saa nzima."

Nikamweleza wote wawili walivyosimama. Madam akageuza daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa saa nne. "Hapa ulimwita nani?"

Nikatamka. Madam akaketi kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Hilo ni jina la huyu kijana. Mwalimu anasomwa ile namna ya zamani. Umemwita hivyo miezi mitatu?"

"Alikuwa akisimama, madam."

"Bila shaka alisimama! Ana adabu!" Akashusha sauti, maana wateja walikuwa wanasikia. "Kwa nini hukumuuliza?"

"Ni mzee, madam. Kwetu mzee haulizwi jina."

Akalifunga daftari. Nilitarajia anifokee, ningepata na mimi nafasi ya kukasirika. Hakunifokea.

"Kwetu kumuuliza ndiyo heshima yenyewe," alisema. "Unamwambia kwamba hutaki kumkosea." Akainuka. "Anakaa jengo la nyuma ya duka la dawa, ghorofa ya tano. Saa saba nina nafasi. Kama mwalimu wangu anaondoka na nywele vile zilivyo, usirudi kwenye kaunta. Yalla."

Nilikwenda. Jua la saa sita lilikuwa kama limetumwa kwangu binafsi. Njiani nilitunga maneno ya kuomba radhi kwa Kiingereza, nikayapanga vizuri, na lifti ilipofunguka ghorofa ya tano yote yalikuwa yamekwisha kichwani. Nikabisha. Alifungua mwenyewe. Nyuma yake niliona maboksi yaliyofungwa kwa utepe wa gundi na ukuta wenye alama za picha zilizotolewa.

Nilizitazama ndara zake za nyumbani. Nikakusanya Kijapani nilichokuwa nacho, nikauliza swali nililofundishwa na ambalo sikuwahi kumwuliza mzee yeyote: jina lako nilisome vipi?

Miaka yangu yote ya malezi ilinivuta sikio. Nilihisi nimemtusi, na nilibaki nimeinama nikingoja mlango ufungwe.

Nyuma yangu lifti iliteremka. Kisha bibi akalitamka, polepole, kwa sauti ya chini. Lilikuwa lile la tatu. Nikalirudia. Akanisahihisha mwisho wake, nikalirudia tena, akatikisa kichwa kukubali.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza, sasa kwa Kiingereza. "Miezi mitatu mizima! Ningekuwa mimi ningepiga meza."

Akacheka, akiziba mdomo. "Siku ya kwanza uliita kwa furaha kubwa sana. Nikaona, ni nywele tu, kwa nini nimharibie? Siku ya pili, kukusahihisha ingekuwa kukuaibisha kwa ile ya kwanza. Siku ya tatu ikawa vigumu zaidi."

Nikacheka na mimi. Yeye akaacha kucheka kwanza.

"Hilo si lote," alisema. "Ni jina la mume wangu. Alifariki hapa, mwaka wa pili sasa. Watoto wananiita mama, wanafunzi wananiita mwalimu. Hakuna anayeliita tena. Ili nikusahihishe ningelazimika kulitamka mbele za watu. Nilijaribu siku ile ya kwanza, nikiwa nimekaa pale. Halikutoka."

Nililia, siwezi kuficha. Nililia mlangoni pa watu kama mtoto aliyefinywa, na yeye ndiye aliyekwenda kuniletea karatasi ya kufutia macho, ikabidi afungue boksi moja kuitafuta. Kisha akachukua mwavuli wake, akasema twende.

Tulitembea wawili chini ya mwavuli huo mmoja. Kwa kuwa alikataa kunipa niushike na alinifikia begani tu, ncha zake zilinichoma sikio mpaka saluni. Sikusema kitu. Nami nina adabu zangu.

Aliketi kwenye viti vya kungojea. Madam ana utaratibu wake, hata mtu uliyemfuata nyumbani kwake lazima aitwe. Nikaingia nyuma ya kaunta, nikafungua daftari, nikaweka kidole chini ya ile herufi ya mashariki. Nikaita jina lake kama alivyonifundisha, na neno la heshima nyuma yake.

Hakusimama.

Nikafikiri nimekosea tena, kwamba njiani silabi moja imeniponyoka na kazi imeenda nayo. Nikamtazama. Mikono alikuwa ameiweka magotini na macho ameyafumba.

"Tena," alisema.

Nikaita tena, kwa sauti zaidi.

"Tena."

Mara ya tatu niliita kwa sauti ya kwetu, ile tunayomwitia mtu aliye ng'ambo ya bonde kumwambia ng'ombe wake wameingia shambani. Nyuma ya pazia draya zikazimwa moja baada ya nyingine. Madam akatoka na mkasi mkononi, akamtazama mwalimu wake, kisha akanitazama mimi.

Ndipo bibi akafumbua macho, akasimama. Akaniinamia, chini kuliko siku zote, nami nikainama mpaka paji la uso likagusa daftari. Kisha akapita kwenda kwenye kiti chake.

Madam alibaki kidogo kwenye pazia.

"Saa nane kuna wateja wanne," alisema. "Wote ni wazee. Kaa hapo uwaulize."

Nikakaa. Nikachonga penseli, nikawasubiri.